Vikombe Kwenye Rafu ya Mwajiri

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mwalimu wa muda hakosi kikombe mkobani. Changu ni cheupe, kina picha ya kondoo mwenye hasira. Nakibeba ndani ya soksi ya marehemu mume wangu, pamoja na vifuko vyangu vya chai, kwa sababu katika shule za Halifax na vitongoji vyake unaweza kuchukua darasa la mtu, meza ya mtu, hata watoto wake watukutu thelathini, na asikuulize. Ila kikombe chake usikiguse. Mimi nilikigusa kimoja, shule siitaji, na makamu mkuu akasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikamaliza kunywa, nikakiosha, nikakifuta na kukirudisha kwenye msumari wake. Cha mtu mavi, tangu siku hiyo nabeba changu.

Naitwa Hilary Greenwood, nafundisha sayansi popote simu itakaponituma. Kila asubuhi naamka, navaa, nachana nywele, nakaa jikoni kuitazama simu kama anayengoja matokeo ya hospitali. Ikilia nakwenda. Isipolia navua viatu nalima bustani kwa hasira. Ndiyo kazi yetu, na sijasema naichukia. Ninachochukia ni kuulizwa swali moja, kila benki, kila daftari la kliniki: mwajiri wako ni nani?

Jibu lake si fupi. Shule inamlipa wakala. Wakala hataki kuwa mwajiri wa mtu, kwa hiyo pesa anazipitisha kwenye kampuni ya mwamvuli, na hiyo ndiyo inayoandikwa juu ya hati ya mshahara: mwajiri. Wakala anakwambia kwa sauti ya asali, pauni mia na sitini kwa siku. Unafurahi. Pole, hizo si zako, hizo ni za kampuni. Kwanza inatoa humohumo mchango wa bima ambao sheria inasema ulipwe na mwajiri. Halafu inatoa ada yake ya kukuajiri. Halafu inatenga pesa za likizo yako. Kinachobaki ndicho kinaitwa mshahara, na hapo sasa mtoza kodi anavuta kiti, na mchango wako wewe mfanyakazi nao unakatwa. Ni halali, sisemi ni wizi, na zipo kampuni za namna hiyo zinazofanya kazi yake vizuri. Ninachosema ni kwamba mimi ndiye ninayemlipa mwajiri wangu aniajiri, na fundi nikimlipa huwa nataka kuiona kazi yake.

Yangu mimi inaitwa Pennyfold. Sikuwahi kuiona, niliijua kwa sauti tu. Agosti iliyopita, shule zimefungwa, niliwapigia nikidai pesa zangu zote za likizo kwa mkupuo. Yule binti wa simu akanifundisha adabu. Akasema, "Bi Greenwood, kwa mkupuo tunamlipa aliyeacha kazi. Wewe hujaacha. Ajira yako kwetu haikatiki hata shule zikifungwa. Jaza ombi la likizo kama mfanyakazi yeyote." Nikaona ni neno la maana. Nikajaza ombi, nikangoja.

Msimu uliofuata nikakutana na Bethan Sugden, katika shule moja ya Sowerby Bridge. Alikuwa ameshika darasa la mwalimu aliyevunjika nyonga, tangu Septemba mpaka Pasaka, karibu mihula miwili mizima, na bado anakaa kile kiti cha karibu na mashine ya fotokopi, kiti cha wageni. Nilipochomoa kikombe changu kutoka kwenye soksi, naye akachomoa chake kutoka kwenye kofia ya sufi. Tukacheka. Alikuwa na umri wa binti yangu, na mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana chini ya sweta.

Pasaka ilipopita, yule wa nyonga akarudi, na kazi ya Bethan pale ikaisha. Siku chache baadaye akaja kwangu mchana, akakaa jikoni, nikamkatia keki ya tangawizi. Hakuila.

"Hilary, wamesema nimeacha kazi."

"Nani amesema?"

"Kampuni inayonilipa. Niliwaandikia kuomba malipo ya uzazi. Wakanijibu kwamba niliacha kazi siku kazi ya pale shuleni ilipoisha. Na tarehe wameirudisha nyuma kidogo, Ijumaa moja kabla. Sheria inatazama wiki moja tu ya mimba, kama ulikuwa bado mfanyakazi wiki hiyo, unalipwa. Wamenitoa kabla ya wiki yenyewe."

"Wewe uliwaambia unaacha?"

"Niwaambie naacha nikale nini? Nilikuwa nangoja simu kama wewe."

Nikamuuliza walimwambia afanye nini. Akasema walimshauri, kwa upole, akaombe posho ya uzazi ya serikali, eti ni yaleyale. Si yaleyale. Malipo ya mwajiri, zile wiki sita za mwanzo, ni karibu mshahara wote, na Bethan na mume wake Callum walikuwa wamezihesabia wiki hizo kodi ya nyumba, maana Callum yuko kiwanda cha biskuti, na kiwanda kimepunguza zamu. Lakini hilo silo lililomfanya ashindwe kula keki.

"Wangesema hawana, ningeelewa," akasema. "Lakini wanasema niliondoka. Mimi sijaondoka mahali. Tangu Septemba sijakosa siku hata moja, natapika chooni asubuhi, naosha uso, naingia darasani. Leo mtu ambaye hanijui ananiandikia kwamba nimeacha kazi."

"Na sehemu kubwa ya pesa hiyo serikali inawarudishia," nikasema. "Hawanyimi cha kwao. Wanaona uvivu kujaza makaratasi."

Alikuwa ameshapeleka malalamiko, Bethan si mjinga. Wakampa siku ya kikao, asubuhi, ofisini kwao Crewe. Na barua ikasema, kama sheria inavyotaka, kwamba anaweza kusindikizwa na ofisa wa chama cha wafanyakazi au na mfanyakazi mwenzake wa kampuni hiyo. Siyo mume, siyo mama, siyo rafiki.

"Chama sikujiunga," akasema. "Na mfanyakazi mwenzangu namtoa wapi? Sijui hata mmoja. Nafikiri waliandika huku wanacheka."

"Kampuni yenyewe inaitwaje?"

"Pennyfold."

Nikaweka kisu cha keki chini. Miezi yote ile, kila nilipotumwa pale, tumekaa viti viwili karibu na fotokopi, tumezungumza kuhusu mimba, mvua, watoto wanaotafuna penseli, na hatujawahi kuulizana hilo. Kwetu unaweza kumuuliza mtu kuhusu bawasiri yake, atakujibu. Hati ya mshahara wake huiulizi.

"Mwanangu," nikamwambia, "kula keki. Mfanyakazi mwenzako amekukatia mwenyewe."

Basi ningeishia hapo, ningekwenda naye Crewe, tukazungumza kwa adabu, tukarudi. Lakini mimi nina hasira za polepole, zikishachemka hazipoi mezani. Nilijiuliza, kama tulikuwa wawili kwenye viti viwili, tuko wangapi? Na hawa watu wamejengea nyumba yao juu ya jambo moja tu, kwamba hatujuani.

Wiki ile nilikuwa shule nyingine, mafundi wanaezeka upya paa la ukumbi. Wakati wa chai nikatoka na kikombe changu, nikasimama chini ya jukwaa lao, nikamwita mkubwa wao. Des Pickersgill, mwanamume mnene wa Todmorden mwenye sauti ya tarumbeta.

"We fundi, nani anakulipa?"

"Mwalimu, hilo ni swali la kumuuliza mwanamume mchana kweupe?"

"Sijakuuliza ngapi. Nimeuliza nani. Nani ameandikwa juu ya hati yako?"

Akatoa simu mfukoni, akaitazama kwa mbali kwa sababu miwani aliiacha juu ya paa. "Sijui bwana, hawa hubadilika badilika. Penny... Pennyfold."

"Basi mimi ni mfanyakazi mwenzako."

Wale wengine juu wakaanza kupiga miluzi. Des akanitazama kuanzia kondoo hadi viatu. "Wewe unaezeka?"

"Nafundisha jinsi chakula kinavyomeng'enywa."

"Basi tuko idara moja, mimi ndiye ninayekila."

Nikamweleza habari za Bethan. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Binti yake, akasema, alijifungua Februari. Akawaita wale wa juu washuke, na kati yao, mmoja wa Pennyfold, wawili wa kampuni nyingine za mwamvuli, mmoja hakujua na aliona haya kutojua.

Siku iliyofuata Bethan akanipigia simu kutoka kliniki, anacheka mpaka namsikia anakoroma. Mkunga aliyekuwa anampima presha ni wa wakala, Rutendo, mwanamke wa Harare aliyekaa Huddersfield miaka mingi. Bethan akamuuliza lile swali. Rutendo akafungua mkanda wa presha, akasema, "Dada, nimekupima tumbo miezi yote hii, kumbe tunakula sufuria moja." Akataka kujua kikao ni lini, akaandika mkononi kwa kalamu ya wino.

Swali likaendelea kutembea, tukawa saba mwisho wake. Nilimwambia kila mmoja neno moja: njoo na kikombe chako. Des akauliza cha nini. Nikamwambia tunakwenda kazini kwa mwajiri wetu kwa mara ya kwanza, na mtu huanza kazi mpya na kikombe.

"Na siku yenyewe?" akauliza Rutendo. "Hakuna atakayetulipa siku hiyo."

"Hakuna," nikasema.

"Sawa. Nitakuja na kile kikubwa."

Tulikwenda kwa gari la kazi la Des, linanuka lami, Bethan amekaa mbele na mto mgongoni. Ofisi ya Pennyfold iko juu ya duka la mazulia. Ngazi nyembamba, mlango wa kioo, na ukutani picha kubwa ya watu wenye meno mazuri, chini yake maneno: KARIBU KATIKA FAMILIA. Des akavua kofia mbele ya ile picha, akasema, "Ndugu zangu wamependeza."

Mapokezi kulikuwa na mwanamke wa makamo, kibandiko cha jina kimeandikwa Maxine. Alikuwa anamalizia chai. Alipotuona tunaingia mmoja mmoja bila kwisha, alikiweka kikombe chake haraka, na hakukiweka mezani. Alikifunga kwenye kitambaa cha jikoni akakitia mkobani miguuni pake. Nikakitazama kile kitambaa. Naye akaniona nakitazama, akageuza macho.

Akatoka Bi Mellish, afisa utumishi, suti ya kijivu, tabasamu la kazini. Alikuwa amemtarajia msichana mmoja mwenye mimba.

"Samahani, nyinyi ni nani?"

"Wafanyakazi," akasema Des.

"Wafanyakazi wa wapi?"

"Wa hapa."

"Hapa tunao wafanyakazi wanne," akasema Bi Mellish.

"Mama, nakuomba uhesabu tena," akasema Rutendo.

Bi Mellish akasema wageni hawaruhusiwi bila miadi. Nikamwambia hilo ni sahihi kabisa, na siku watakapokuja wageni tutamsaidia kuwafukuza. Wakati huo Des alishaona jiko dogo kwenye kona, na juu ya sinki rafu ya vikombe, kila kimoja na msumari wake na jina lake kwa karatasi ya kunata. Misumari mingi ilikuwa mitupu. Akachomoa kikombe chake, kina nembo ya timu ya raga ya Halifax na ufa ubavuni, akakitundika. Rutendo akatundika chake, kikubwa kama chungu. Wale wengine wakafuata. Mimi nikamvua kondoo wangu soksi, nikamtundika mwisho, uso wake ukiitazama ofisi.

"Hapa si mahali penu pa kazi," akasema Bi Mellish. Tabasamu limekwisha.

"Basi tuonyeshe mahali petu," nikasema. "Mimi nimepatafuta miaka minne."

Sheria inaruhusu msindikizaji mmoja, na sheria tunaiheshimu. Nikaingia mimi na Bethan chumba cha kikao. Wengine wakabaki mapokezi, kwenye viti viwili na sakafu. Bethan akaomba mlango uachwe wazi apate hewa. Huwezi kumnyima hewa mwanamke wa mimba ile, na Bi Mellish alilijua hilo, na alijua sisi tunalijua.

Akasoma maelezo yake. Bethan alipewa kazi katika shule fulani. Kazi hiyo ikaisha. Kazi ikiisha, mahusiano ya ajira yanaisha. Kampuni inasikitika, inamtakia heri na mtoto, inamkumbusha kuhusu posho ya serikali. Alisoma vizuri, bila kumtazama mtu.

"Naweza kuuliza?" nikasema.

"Msindikizaji anaruhusiwa kuuliza, lakini hawezi kumjibia mlalamikaji."

"Sitamjibia. Nataka wewe unijibu mimi. Agosti iliyopita shule zote zilikuwa zimefungwa. Sikuwa na kazi hata ya saa moja. Je, nilikuwa mfanyakazi wenu?"

"Hatujadili habari zako leo, Bi Greenwood."

"Niliomba pesa zangu zote za likizo. Mkaninyima, mkasema bado niko kazini, ajira haikatiki. Nilikuwa kazini au sikuwa?"

Akaanza kupanga karatasi zake upya. Kule nje watu walikuwa wanasikiliza kwa mwili wote.

"Sharti hilo limo kwenye mkataba," akasema hatimaye. "Ajira inaendelea kati ya kazi na kazi, kwa ajili ya..."

"Kwa ajili ya kutunza pesa zetu za likizo," nikasema.

"Na mimi?" ikaja tarumbeta ya Des kutoka mapokezi. "Kati ya paa na paa, mimi ni wenu au si wenu? Maana Januari iliganda, nikakaa wiki tatu nyumbani. Nikaomba zangu, nikaambiwa bado ni wenu."

"Na mimi kati ya zamu na zamu," akasema Rutendo, bila kupaza sauti. "Krismasi niliambiwa hivyohivyo. Na sauti yenyewe ilikuwa hii yako, mama. Nimeitambua tangu mlangoni."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Nikamwekea taratibu, kama ninavyowawekea watoto wa darasa la nane.

"Chagua unachotaka. Kama kazi ikiisha ajira inaisha, basi wote waliokaa pale nje waliacha kazi mara nyingi, na mimi naacha kila Agosti. Tulipeni leo pesa zetu za likizo zote, maana aliyeacha hulipwa kwa mkupuo, ninyi ndio mlinifundisha. Tulipeni sisi, na hao wengine msiowaweka kwenye rafu. Lakini kama ajira haikatiki, basi ya Bethan haijakatika. Alikuwa mfanyakazi wenu Ijumaa ile, na wiki ile, na leo."

"Kesi ya kila mtu ni tofauti," akasema Bi Mellish.

Hapo Bethan akazungumza. Mpaka wakati huo alikuwa amekaa tu, mikono juu ya tumbo.

"Nioneshe nilipoandika kwamba naacha."

"Hakuna maandishi, lakini..."

"Nilikupigia simu kusema naacha?"

"Hapana."

"Basi nani aliniacha mimi, na mbona hukuthubutu kuandika jina lako?"

Shingo ya Bi Mellish ikawa nyekundu mpaka masikioni. Sikumwonea huruma, naliandika hilo wazi. Nimemwonea huruma baadaye kidogo, siku nyingine, nikiwa nalima.

Akasema uamuzi utaletwa kwa maandishi. Bethan akamwuliza kwa nini, na mwenye kuamua ni nani. Mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa nyumbani kwake. Simu anayo? Simu anayo. "Basi mpigie," akasema Bethan. "Mimi nitangoja. Niko kazini."

Tukarudi mapokezi kungoja. Ofisi ina wafanyakazi wengine watatu, wamekaa nyuma ya skrini zao hawachapi kitu. Des akachemsha maji. Akawauliza nao mmoja mmoja kama wanaweka maziwa, na mmoja, kijana wa hesabu, akasema ndiyo tafadhali kabla hajajikumbuka. Rutendo akampima Bethan mapigo ya moyo kwa vidole, macho kwenye saa ya ukutani, akasema ni ya mtu aliyekasirika lakini mzima.

Halafu akamgeukia Maxine. "Na wewe dada, chai?"

"Ninayo," akasema Maxine.

"Iko wapi?"

Maxine akausogeza mkoba wake kwa mguu. Rutendo akaegemea kaunta, akashusha sauti. "Nani anakulipa, mpenzi?"

Maxine akatazama mlango wa Bi Mellish. "Wakala," akasema. "Niko hapa tangu mwaka juzi."

"Juu ya hati yako pameandikwa nani?"

"Mwamvuli mwingine," akasema, na mdomo wake ukacheza, hakujua acheke au alie. "Hawa wenyewe walisema wakiniajiri moja kwa moja ni gharama."

Des alilazimika kwenda kusimama kwenye ngazi. Tulimsikia akicheka kule chini mpaka mtu wa mazulia akatoka kuuliza kulikoni.

Bi Mellish alikaa kwenye simu muda mrefu. Kupitia kioo tulimwona anasema kidogo na kusikiliza sana, na mara moja aliinua kichwa akatutazama sote, mmoja mmoja, midomo ikisogea. Alikuwa anatuhesabia mtu wa upande wa pili. Kisha akatoka na karatasi iliyotoka kwenye printa bado ina joto. Tarehe ya Bethan kuacha kazi imefutwa, iliwekwa kimakosa. Malipo ya uzazi yatalipwa kuanzia siku atakayoanza likizo. Bethan akaisoma mara mbili. Akamrudishia.

"Weka sahihi yako. Jina lako, siyo la kampuni."

Bi Mellish akaweka sahihi.

Bethan akaikunja, akaitia ndani ya sidiria kama bibi yangu alivyokuwa akiweka nauli. Hakulia, hakumkumbatia mtu. Akaenda kwenye sinki, akaosha kikombe chake polepole, akakifuta kwa taulo la ofisi, akatafuta msumari mtupu ulio katikati kabisa ya rafu, kati ya cha Bi Mellish na cha mkurugenzi. Akakitundika hapo.

Tukaanza kuvaa makoti. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, Des ameshatangulia kumshika Bethan mkono kwenye ngazi, Bi Mellish alipotuita.

"Mmesahau vikombe vyenu."

"Hatujasahau," akasema Bethan.

Nikageuka kufunga mlango, kwa hiyo niliona mimi. Maxine aliinama chini ya kaunta, akafungua mkoba, akakifungua kile kitambaa. Kikombe chake kilikuwa cha bluu, kimemomonyoka ukingoni. Akatembea nacho ofisi nzima, mbele ya kila mtu, akakitundika karibu na kondoo wangu, akakinyoosha kikae sawa na vingine. Bi Mellish akamwita kwa jina. Simu ya mapokezi ikawa inalia, na Maxine akarudi mahali pake bila haraka, akaketi, akaipokea.